Rangi Ikitoweka, Je, Maji Ni Safi?

  Kama una kalamu na karatasi karibu, chukua, kwa sababu mwishoni kuna mambo ya kuandika.

Leo tunazungumza juu ya maji yenye rangi. Ni yale maji unayoyaona yakipita mtaroni au mtoni yakiwa mekundu, ya buluu au meusi, baada ya kutoka katika kiwanda cha nguo. Pia ni yale yanayobaki ndani ya sufuria ya mama anayetia rangi vitambaa vya batiki au katani ya kusukia vyondo. Tutaeleza jinsi wataalamu wanavyotumia mwanga wa jua pamoja na unga mwembamba sana kuvunja rangi hizo. Halafu tutasema lile ambalo jua haliwezi kulifanya ndani ya chupa yako nyumbani. Hapo ndipo mtoto anapoweza kuumia, kwa hiyo tafadhali usiondoke kabla hatujafika.

Leso iliyopauka

Tuanze na jambo ambalo kila mama analijua. Umenunua leso mpya, rangi zake zinang'aa. Kila ukiifua unaianika juani. Baada ya miezi kadhaa unaona upande uliokuwa ukielekea jua umepauka, na ule wa ndani bado una rangi yake. Nani aliyeichukua rangi? Ni jua. Mwanga wa jua una nguvu ya kuvunja rangi kidogo kidogo.

Sasa utauliza: kama jua linapausha leso, mbona halipaushi mto? Jibu ni kwamba watengenezaji wa rangi za nguo wanafanya bidii zisitoke upesi. Wanataka rangi ivumilie sabuni, jasho na jua. Sifa hiyo ni nzuri kwa leso, lakini rangi ileile ikiingia majini inakuwa mgeni asiyeondoka. Hata wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao kwa kawaida hula uchafu katika mabwawa ya maji taka, hupata shida kuimaliza.

Na rangi inayotoka ni nyingi. Kutia rangi kilo moja ya kitambaa kiwandani mara nyingi huhitaji lita 100 za maji au zaidi. Inakadiriwa kwamba katika kila sehemu 100 za rangi, sehemu 10 hadi 15 hazishiki kwenye nguo, bali huondoka na maji. Kwa rangi nyingine, hata miligramu moja katika lita moja ya maji inatosha kuonekana kwa macho.

Madhara yake ni nini?

Kwanza, maji yenye rangi nzito huzuia mwanga kufika chini. Mimea ya majini inadhoofika, hewa ya oksijeni majini inapungua, na samaki wanakufa. Wanaoishi kwa kuvua wanapata hasara.

Pili ni afya ya binadamu. Zaidi ya nusu ya rangi zinazotumika viwandani ni za jamii inayoitwa azo. Nyingi kati ya rangi nyekundu, za machungwa na za manjano ni za jamii hiyo. Baadhi ya rangi za azo zinapovunjika vibaya, kwa mfano katika matope yasiyo na hewa au ndani ya utumbo, hutoa kemikali zinazoitwa amini. Baadhi ya amini hizo husababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1895, daktari Mjerumani aliyeitwa Ludwig Rehn alieleza jinsi alivyowaona wafanyakazi wa kiwanda cha rangi wakiwa na uvimbe wa kibofu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2002, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku rangi za azo zinazotoa amini hizo katika nguo zinazogusa ngozi.

Mama, usishtuke ukadhani kila rangi ni sumu, au kwamba mtoto aliyekanyaga maji hayo mara moja atapata saratani. Hatari kubwa ni ya kugusa, kuvuta hewani au kunywa siku baada ya siku kwa miaka. Lakini mtoto ana mwili mdogo, na kila kikombe anachokunywa ni kingi kwake kuliko kwako. Tena, maji ya kiwandani hayaji na rangi peke yake. Huja na chumvi, soda kali, na mara nyingine madini mazito. Wewe kwa macho huwezi kujua kilichomo.

Jua na unga mweupe

Sasa tuje kwa wataalamu. Mwaka 1972, wanasayansi wawili wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza jambo la ajabu kuhusu kitu kinachoitwa titani dioksidi. Hicho ni kitu cheupe ambacho hutumiwa kuipa rangi ya nyumba weupe wake, na hutiwa hata katika dawa nyingi za meno. Walionyesha kwamba kikimulikwa na mwanga ndani ya maji, kinaweza kuyapasua maji yenyewe. Tangu hapo watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakikitumia kuvunja uchafu.

Kinafanyaje kazi? Miale ya jua ile tusiyoiona, inayoitwa urujuanimno, inapogonga chembe ya titani dioksidi, inaamsha nguvu ndani yake. Nguvu hiyo hukutana na maji na hewa ya oksijeni na kuzaa vipande vidogo vikali sana, visivyodumu hata sekunde moja. Vipande hivyo hushambulia kila kitu kilicho karibu. Vikikutana na rangi, vinaikata pingu moja baada ya nyingine. Kazi ikienda hadi mwisho, kinachobaki ni maji, chumvi kidogo na hewa ya kaboni kama ile tunayoitoa puani.

Titani dioksidi yenyewe haiishi. Ni kama ubao wa kufulia: nguo zinapita, uchafu unaondoka, na ubao unabaki kwa kazi ya kesho. Kitu cha namna hiyo huitwa kichocheo, na hiki, kwa kuwa kinategemea mwanga, huitwa kichocheo cha mwanga.

Mbona chembe ziwe ndogo sana? Mama, wewe ukitaka viazi viive haraka, unavikata vipande vidogo ili mafuta yaguse kila upande. Ndivyo ilivyo hapa. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo sehemu ya kuguswa na mwanga na maji inavyozidi. Chembe hizi hupimwa kwa nanometa. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanometa kama 80,000, ilhali chembe hizi nyingi hazifiki nanometa 100. Gramu moja tu ya unga huo, ambao ungeubeba kwenye ncha ya kijiko, ina eneo la kama mita 50 za mraba ukijumlisha nyuso za chembe zote. Hilo ni kubwa kuliko sakafu ya nyumba ya vyumba viwili.

Barani kwetu Afrika njia hii imejaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Menzel Temime nchini Tunisia, mtambo wa majaribio uliwekwa katika kiwanda cha nguo. Maji machafu yaliteremshwa polepole, kama utando mwembamba, juu ya bati pana lililoinama na kupakwa titani dioksidi, jua likimulika. Kwa kuwa unga ulikuwa umegandishwa kwenye bati, haukuchukuliwa na maji.

Hata nchi yetu ina historia na titani. Mchanga wenye madini hayo ulichimbwa Kwale, shehena ya kwanza ikasafirishwa mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa mwaka 2024. Lakini mama, usichanganye mambo. Mchanga wa madini hauwezi kusafisha maji, wala rangi nyeupe ya ukutani haiwezi. Usitie vitu hivyo majini.

Mbona viwanda vyote havitumii?

Ni kwa sababu kazi hii ina masharti yake, na ni vizuri uyajue ili mtu asije akakuuzia unga wa miujiza sokoni.

Sharti la kwanza ni mwanga. Katika nguvu yote ya jua, miale inayoamsha titani dioksidi ni kama sehemu 5 tu kati ya 100. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati ya jua, lakini usiku na siku za mawingu kazi inasimama au inakwenda polepole, isipokuwa kuwe na taa maalumu zinazokula umeme.

La pili ni wingi wa rangi. Maji yakiwa meusi kama wino, mwanga haupiti. Kwa hiyo yanahitaji kusafishwa kwanza kwa njia za kawaida, kama vile mabwawa yenye wadudu wanaokula uchafu. Kichocheo cha mwanga kinafaa zaidi kikija mwisho, kumalizia kilichoshindikana.

La tatu ni zile chembe zenyewe. Zikiachwa zielee majini, lazima zichujwe zote kabla maji hayajatolewa, na kuzichuja ni kazi ngumu kwa sababu ya udogo wake. Unga huo pia haufai kuvutwa puani. Mwaka 2006, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka titani dioksidi katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta saratani, kwa kuangalia hasa vumbi lake likivutwa. Na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliuondoa katika vitu vinavyoruhusiwa kutiwa kwenye chakula.

La nne ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo ninalotaka ulishike leo. Rangi hutoweka kabla ya kemikali kumalizika. Kipande kinachofanya rangi ionekane nyekundu kinaweza kukatwa mapema, maji yakawa meupe kabisa, na bado vipande vingine vimo ndani, pengine vyenye madhara kuliko rangi yenyewe. Ndiyo maana mtaalamu hatosheki kutazama kwa macho. Hupima maabara kuona kama kweli uchafu umeisha. Kama mtaalamu mwenye mtambo hayaamini macho yake, wewe na mimi tutayaamini vipi?

Chupa ya jua na sufuria ya jikoni

Huenda mama mmoja anajiuliza: "Si tulifundishwa kliniki kuweka maji juani kwenye chupa? Basi nami nitayaweka haya ya mtoni, jua livunje rangi."

Swali ni zuri. Ni kweli, kuweka maji juani ni njia inayofaa dhidi ya viini vya kuharisha. Ilijaribiwa hapahapa Kenya, kwa watoto wa Kimaasai 206 wa Kajiado, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Watoto waliokunywa maji yaliyowekwa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Unachukua chupa ya plastiki safi, inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2. Unaijaza maji yasiyo na tope na kuilaza juani kwa saa 6, au siku 2 ikiwa kuna mawingu.

Lakini njia hiyo huua viini tu. Ndani ya chupa hakuna kichocheo, na rangi ya nguo itakaa siku nyingi bila kuisha. Tena kuna hatari nyingine: rangi hiyo hufanya kama pazia. Inaimeza miale ambayo ingeua viini, na viini vinabaki hai. Mtoto anapata hasara mbili kwa mpigo, kemikali na kuharisha.

Je, kuchemsha? Kuchemsha pia huua viini, lakini rangi haipandi na mvuke. Maji yanapungua, rangi inabaki sufurianini ikiwa nzito zaidi. Na dawa ya klorini? Inaweza kufifisha rangi machoni, lakini haimalizi kemikali. Kuchuja kwa kitambaa? Fikiria chujio la chai: majani yanabaki juu, rangi ya chai inapita. Rangi ya nguo iliyoyeyuka nayo inapita hivyohivyo.

Kwa hiyo, mama, maji yaliyoingiliwa na rangi ya kiwanda hayana dawa ya nyumbani. Usiyanywe, usimwogeshe mtoto, usioshee vyombo wala mboga, na usinyweshee sukuma wiki. Tafuta maji mengine: ya mfereji, ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi, au ya kisima kilicho mbali na mtaro huo. Hayo sasa ndiyo ya kuchemsha, kutia klorini au kuweka juani.

Na ikiwa mto ulikuwa na rangi jana na leo ni mweupe, usiseme umepona. Rangi imepita tu, na huwezi kujua ni nini kimebaki nyuma.

Wewe unayetia rangi nyumbani

Wapo akina mama wanaopata karo ya watoto kwa kutia rangi batiki, nyuzi au katani ya vyondo. Kazi hiyo ni ya heshima, na hatusemi iachwe. Tunasema ifanywe kwa uangalifu.

Tenga sufuria, ndoo na mwiko wa kazi hiyo, visirudi jikoni kamwe. Fungua unga wa rangi mahali pasipo na upepo, ukiwa umefunika pua na mdomo, kwa sababu vumbi la baadhi ya rangi huleta pumu. Vaa glavu za mpira. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi ya kupima unga. Watoto wakae mbali mpaka umalize na kuosha mahali pale.

Pima rangi kulingana na kitambaa, usikadirie kwa mkono. Rangi ya ziada haifanyi nguo ing'ae zaidi, inaishia kwenye maji tu, na hiyo ni pesa yako unamwaga. Maji yakibaki na rangi, tia kitambaa kingine cha rangi hafifu, uyatumie mpaka yaishe nguvu. Kisha yamwage penye bomba la maji taka kama lipo. Kama halipo, chimba shimo la maji machafu, angalau mita 30 kutoka kisimani na mbali na mto na bustani ya mboga. Mikebe ya rangi isitumiwe kuwekea maji, unga wala chumvi.

Soda kali ihifadhiwe juu, imefungwa, na isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda ya kunywa. Mtoto akiinywa, au akinywa rangi, usimtapishe. Msukutue mdomo kwa maji safi, mpeleke hospitalini mara moja, na ubebe mkebe ule ili daktari aone ni nini. Ikimwingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitalini.

Na nguo mpya za mtoto mchanga, au leso mpya utakayombebea, zifue kwanza kabla hazijagusa ngozi yake.

Kusema ni haki yako

Kusafisha maji ya kiwanda ni jukumu la kiwanda, kabla maji hayajavuka ukuta wake. Si kazi ya mama mwenye mtungi wa lita 20. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 43 kinataja haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha mamlaka ya NEMA, na kanuni za ubora wa maji zilizotolewa mwaka 2006 ziliweka kiwango hata cha rangi katika maji yanayotolewa.

Kwa hiyo ukiona maji yamebadilika, andika siku, saa, mahali na rangi uliyoiona. Kama una simu ya kupiga picha, piga. Nenda pamoja na majirani kwa afisa wa afya ya umma, kwa chifu, au katika ofisi ya NEMA ya kaunti yenu. Maji hayo hupita na kwenda, hasa yakiachiliwa usiku, na bila maandishi yenu asubuhi hakuna atakayeamini. Na mkiambiwa, "Tumesafisha, tazameni, rangi imeisha," ulizeni swali moja tu: yamepimwa maabara?

Mambo ya kuandika

1. Rangi ikitoweka, haimaanishi kwamba maji yamekuwa safi.
2. Kuchemsha, klorini na chupa ya jua hupambana na viini vya magonjwa. Haviondoi rangi ya nguo wala kemikali zake.
3. Unga wa kuvunja rangi kwa mwanga ni kazi ya mtambo na mtaalamu. Usitie unga wowote wa namna hiyo katika maji ya nyumbani.
4. Vyombo vya kutia rangi visiwe vya kupikia, na maji yake yasifike kisimani, mtoni wala bustanini.
5. Maji ya mto yakibadilika rangi, andika, kisha mpe habari afisa wa afya ya umma.

Mama msikilizaji, mwambie na jirani yako ambaye hakusikia. Hasa yule anayeteka maji chini ya kiwanda, na yule aliyeweka chupa yake juani leo asubuhi akidhani jua litamaliza kila kitu. Hadi tutakapokutana tena, tuwatunze watoto wetu. Kwaherini.